Kilo Mbili za Usiku Mmoja

Mgonjwa wa moyo anapolazwa wodini kwetu hupimwa uzito kila asubuhi, akishatoka msalani na kabla hajanywa chai. Akiwa ameongezeka kilo moja tangu jana, hakuna muuguzi anayemuuliza alikula nini. Tunambonyeza kwenye muundi kwa kidole gumba, tunaachia, tunaangalia kama kishimo kinabaki. Kikibaki, daktari anaitwa. Uzito unaoingia usiku mmoja ni maji. Mafuta hayaji kwa mwendo huo, wala hayaondoki kwa mwendo huo.

Elimu hiyo ya wodini ndiyo iliyonishika mkono nilipoamua kupunguza mwili huku nanyanyua vyuma. Naandika niliyoyapitia kwa sababu kwenye jimu yetu ya mtaani, Tabata, nimeona wanawake wengi, na wanaume pia, wakikata tamaa katika wiki zile zile ambazo mwili wao ulikuwa unabadilika kweli. Wanapanda mizani, wanaona namba imeongezeka, wanashuka wakiwa wameshauhukumu mwezi mzima. Inaniuma kila ninapoiona, maana kazi walikuwa wameshaifanya.

Nilianza nikiwa na kilo 79, baada ya mtoto wangu wa pili kuacha kunyonya. Jimu yenyewe ni banda la mabati. Baadhi ya vyuma ni vya dukani, vingine ni makopo ya rangi yaliyomiminwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Kocha wetu alipanda jukwaani zamani kwenye mashindano ya kutunisha misuli, na ana jicho kali la kusoma mwili wa mtu. Chakula sikukigeuza sana. Chapati na maandazi ya asubuhi vikaondoka, mayai yakaingia. Ugali ulibaki, ila nusu ya ule wa zamani. Mchicha na maharage vikajaza sahani, na samaki au dagaa kila siku. Nililenga protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kiwango ambacho utafiti juu ya wanyanyua vyuma umekuwa ukikielekea, na kwangu ilikuwa sawa na gramu 120 hivi kwa siku. Kwa mshahara wa nesi si jambo dogo. Dagaa wa Mwanza ndio walionibeba, maana wakikaushwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini.

Wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo mbili na ushee. Nyumbani wakafurahi, nami nikafurahi. Kocha aliposikia akatikisa kichwa.

"Sista, wiki ya kwanza usiihesabu. Umekojoa ugali."

Alisema kweli. Mwili huweka akiba ya wanga kwa umbo la glaikojeni: gramu 300 hadi 500 misulini kwa mtu mzima wa kawaida, na karibu gramu 100 kwenye ini. Kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza ugali, wali na chapati, akiba hiyo inatumika bila kujazwa yote, na maji yaliyoshikana nayo yanatoka kwa mkojo. Juu ya hapo, insulini, homoni inayosimamia sukari, ikipungua kwenye damu figo huachia chumvi zaidi, na chumvi haiondoki peke yake, huondoka na maji. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza kilo mbili ndani ya siku chache na mafuta yakawa hayajapungua hata nusu kilo.

Hesabu ya mafuta yenyewe niliiandika ndani ya jalada la daftari langu, niione kila siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Nilikuwa nakula pungufu ya mahitaji yangu kwa kama kalori 400 kwa siku. Kwa wiki ni kalori 2,800, yaani gramu 360 hivi za mafuta. Haifiki hata nusu kilo, kwa wiki nzima ya nidhamu. Maji nayo yanapanda na kushuka kilo moja, moja na nusu, hata mbili, kati ya Jumatatu na Jumanne. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja unaelewa mara moja kwamba mizani ya asubuhi moja haiwezi kukuonyesha mafuta. Inakuonyesha maji, na mafuta yamejificha chini yake.

Kioo nacho kinahitaji kusomwa vivyo hivyo. Baada ya mwezi na kitu nilikuwa nimepungua, nguo zinapwaya, lakini mabega na mikono havikuwa na umbo nililolitarajia. Misuli ilionekana imelala. Shangazi mmoja alinishika mkono kwenye shughuli akasema nimelegea. Nyama za mtu aliye kwenye kula kidogo huwa hivyo: misuli ni maji kwa takriban asilimia 75, na glaikojeni ikipungua, kila msuli unapoteza sehemu ya ujazo wake kama mpira uliopungua upepo. Haijapotea nyama. Nguvu zilinithibitishia hilo, kwa sababu skwati (kuchuchumaa na chuma begani) na benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) vilikuwa vinapanda wiki kwa wiki, na msuli unaoliwa hauongezi kilo kwenye chuma.

Kisha ikaja Iddi. Nilikula pilau mchana na biriani jioni, kwa furaha na bila kupima, pamoja na ndugu zangu. Kesho yake mizani ilisoma kilo mbili na nusu zaidi. Siku iliyofuata nilikwenda jimu, nikavua koti mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza nikauona mstari unaotenganisha bega na mkono wa juu. Kocha alisimama akatazama. "Leo umejaa," akasema. Wanga wa pilau ulikuwa umeingia misulini na maji yake, na misuli ilipojaa ikasukuma ngozi ambayo chini yake mafuta yalikuwa yameshapungua wiki nyingi zilizopita. Kuongeza kilo mbili na nusu za mafuta ningehitaji kula zaidi ya kalori 19,000 juu ya mahitaji yangu. Hakuna biriani ya hivyo. Siku ile mwili wangu ulikuwa mzito kuliko wiki iliyotangulia na umechongeka kuliko wiki iliyotangulia, yote mawili kwa pamoja, na wote wawili, mizani na kioo, walikuwa wanasema kweli juu ya maji.

Kipindi kilichonipa somo refu zaidi kilikuja baadaye. Kocha alibadilisha ratiba ya miguu: skwati nzito, kupanda ngazi na chuma begani, na kunyanyua chuma kutoka chini. Maumivu ya misuli yalifika kileleni siku ya pili, kama kawaida yake, nikawa nashuka daladala kwa kushika mlango. Katika wiki zile zile nilipangiwa zamu za usiku mfululizo. Mizani ikasimama. Haikusimama siku mbili tatu. Ilisimama wiki baada ya wiki, na asubuhi nyingine ikapanda. Chakula kilikuwa kile kile, nimekipima kile kile.

Hapo ndipo wengi huacha, au hupunguza chakula mara ya pili na ya tatu mpaka wanazimia. Mimi nilikuwa na utepe wa fundi cherehani kwenye droo, na utepe ulikuwa unasema jambo tofauti. Kiuno kilikuwa kinapungua nusu sentimita hapa, nusu pale. Mafuta yalikuwa yanatoka, na mahali pake maji yalikuwa yanaingia.

Maji hayo yalitoka wapi? Msuli uliofanyishwa kazi mpya hupata michubuko midogo, na mwili huupelekea damu na maji ya kuukarabati; miguu ndiyo misuli mikubwa kuliko yote, kwa hiyo maji yake si kidogo. Zamu za usiku zina ya kwao: kusimama kwa muda wa saa kumi na mbili huku maji yakiteremka vifundoni, usingizi wa mchana uliokatikakatika, na kotisoli, homoni ya msongo, ambayo ikizidi husukuma figo kushika chumvi. Nilipovua viatu asubuhi, soksi zilikuwa zimechora pete miguuni. Nilijibonyeza muundi mwenyewe, kama ninavyowabonyeza wagonjwa.

Na kuna hedhi. Hili nataka kulisema kwa utaratibu, kwa sababu jimu nyingi zinaendeshwa na wanaume, na kocha wetu pamoja na ujuzi wake wote hakuwahi kulitaja. Simlaumu, mwili wake haukuwahi kumfundisha. Daftari langu lilionyesha jambo lile lile mwezi hadi mwezi. Wiki ya mwisho kabla ya siku zangu uzito unapanda taratibu, matiti yanajaa, pete ya kidoleni inabana, tumbo la chini linajaa hata kama nimekula kidogo. Kilele ni siku damu inapoanza au jirani yake. Baada ya hapo, ndani ya siku chache, kilo moja hadi moja na nusu inatoka, na asubuhi fulani katikati ya wiki hiyo naonekana nimekonda kwa usiku mmoja. Mwanamke anayejipima Jumatatu hii na Jumatatu ijayo analinganisha miili miwili tofauti. Nilichofanya ni kulinganisha siku ya tano ya hedhi na siku ya tano ya hedhi iliyopita, na siku ya ishirini na siku ya ishirini. Ghafla mistari iliyokuwa vurugu kwenye daftari ikanyooka, na mteremko ukaonekana. Dada zangu wawili wa jimu niliowaonyesha walirudi nyumbani wakachora zao, wakakuta hivyo hivyo. Mmoja alikuwa ameshaamini kwamba mwili wake "haupungui". Ulikuwa umepungua kilo tatu.

Chumvi niipitie kwa haraka, ingawa ina nguvu. Dripu ya chumvi tunayomtundikia mgonjwa ina gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji, kwa sababu huo ndio ulinganifu wa maji ya mwili. Geuza hesabu: ukibakiwa na gramu 9 za chumvi ya ziada, mwili utashika karibu lita moja ya maji kuisawazisha, mpaka figo zimalize kazi yake siku moja au mbili baadaye. Ng'onda, chipsi za barabarani, supu ya asubuhi, achari, viungo vya pakiti kwenye mchuzi: jioni moja inaweza kuipita kirahisi ile gramu 5 kwa siku ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isizidiwe. Sikuikimbia chumvi, na joto la Dar es Salaam linatutoa jasho la chumvi kila siku. Nilijifunza tu kutosoma mizani asubuhi ya baada ya harusi.

Basi, nikapata likizo. Nilikwenda Tanga kwa mama yangu nikalala usiku kucha, siku baada ya siku, nikatembea ufukweni, vyuma nikavipumzisha. Nilikula vizuri kuliko Dar, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Usiku mmoja niliamka mara tatu kwenda kukojoa. Nilipopimwa na kijana mmoja wa kando ya barabara, wale wenye mashine ya kupima uzito na urefu, nilidhani mashine yake ina hitilafu. Niliporudi Dar mizani ya nyumbani ikathibitisha: karibu kilo tatu pungufu ya siku niliyoondoka. Wiki zote zile za "kusimama" zilikuwa zimehifadhiwa, zimefunikwa na maji, na pumziko likayafungulia. Tumbo la juu lilikuwa na mistari miwili ya wima ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kabla ya kuolewa.

Mama hakupenda. Alinitazama mashavu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unaumwa? Niambie mimi." Anayetoka kwetu anajua uzito wa swali hilo. Kwa kizazi chake, mtu aliyekonda usoni alikuwa mtu wa kuombewa, na hofu ile ilizaliwa na misiba ya kweli ya miaka ya 1980 na 1990. Sikumcheka wala sikumkatiza. Nilimwambia, "Mama, sijambo, damu nimepima, presha nzuri," nikambebea ndoo mbili za maji kutoka bombani hadi jikoni. Akaamini ndoo kuliko maneno.

Kuna mambo mawili ya kazini ambayo yalikuwa yananirudia akilini wakati mizani imesimama. La kwanza ni wodi ya watoto, nilikopangwa miaka ya mwanzo. Mtoto mwenye unyafuzi, ugonjwa ambao wengi wanauita kwashiakoo, anakuja amevimba miguu na mashavu. Kwa asiyejua anaonekana mnene. Anapoanzishiwa maziwa ya tiba na mwili kuanza kupona, uzito wake hushuka kwanza, kwa sababu uvimbe unaondoka kabla nyama haijajengwa. Mama yake anaona namba inashuka kwenye kadi na analia. Nasi tunamkalisha: "Mama, mtoto anapona. Anayetoka ni maji." Nimeyasema maneno hayo mara nyingi sana.

La pili nililisoma chuoni. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwasimamia wanaume 36 waliojitolea kula karibu nusu ya chakula chao kwa wiki 24, ili ijulikane jinsi ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na vita. Walikonda mpaka mbavu zikahesabika, na huku wamekonda hivyo, miguu na nyuso zao zikavimba maji. Mafuta na nyama vinaondoka, maji yanachukua nafasi. Mimi sikuwa na njaa ya namna hiyo hata kidogo, wala mtu anayepunguza kalori 400 hana. Lakini kanuni ile ya mwili ni moja, na kuijua kulinifanya nilale usingizi.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Kijana mmoja wa jimu yetu, mwenye mwili mzuri aliouhangaikia miaka, alikuwa anajiandaa kupanda jukwaani. Alinifuata nje baada ya mazoezi. "Sista, wewe uko hospitali. Nisaidie zile za kukojosha, nikauke tu siku tatu." Alimaanisha furosemidi. Nilipokataa alishangaa, kwa sababu duka moja la dawa lilikuwa limeshamwambia atapata bila cheti.

Nilikaa naye kwenye benchi mpaka giza likaingia. Furosemidi nampa mgonjwa ambaye mapafu yake yamejaa maji, na hata yeye tunamchukua damu kupima potasiamu, kwa sababu dawa hiyo inailazimisha figo kumwaga maji, chumvi na potasiamu pamoja. Potasiamu ikishuka sana, moyo hupoteza mdundo wake, na mtu anaweza kuanguka akiwa anacheka na wenzake. Mtunisha misuli Mohammed Benaziza alifariki Uholanzi mwaka 1992, saa chache baada ya kushindana. Mwenzake Andreas Münzer wa Austria, ambaye ngozi yake ilionekana nyembamba kama hakuna kitu kati yake na msuli, alifariki Machi 1996 akiwa na miaka 31, mwili umechoshwa na dawa nyingi, za kukojosha zikiwamo. Mwishoni mwa 1997, wanafunzi watatu wa vyuo vya Marekani, wanamieleka, walifariki ndani ya kipindi cha mwezi mmoja hivi wakijikausha ili wafike uzito wa kushindania: mazoezi kwenye vyumba vya joto, nguo za mpira, bila kunywa. Mwaka uliofuata chama cha michezo ya vyuo kikapiga marufuku nguo zile na vyumba vile. Wale walikuwa vijana wenye nguvu. Walikuwa na makocha.

Nikamwambia pia kwamba hata lengo lenyewe halifikiwi kwa njia hiyo. Mwili hauna bomba moja la maji ya chini ya ngozi na bomba lingine la maji ya misuli, ufunge hili uache lile. Ukijikausha, maji yanatoka kwenye damu na misuli pia. Damu ikipungua, misuli haijai hata ukiinyanyulisha nini nyuma ya pazia, na mtu anatoka jukwaani amekuwa bapa. Ngozi inayoonekana imekaza juu ya tumbo inatokana na mafuta machache chini yake, na mafuta hayo yametolewa kwa miezi, gramu 300 au 400 kwa wiki. Siku tatu haziwezi kuifanya kazi hiyo.

Hayo yanawahusu pia wanaokimbia mchana wa jua wamevaa nailoni chini ya fulana, na mabondia wetu wa mitaani nimewaona wakifanya hivyo. Jasho ni maji ya kupoza mwili. Lita iliyotoka kwa jasho itarudi kwa chupa mbili za maji, na ni lazima irudi. Mafuta yanapounguzwa mwilini, sehemu yake kubwa hutoka kwa pumzi: watafiti wawili, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu hiyo mwaka 2014 wakaonyesha kwamba kati ya kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni dioksaidi na 1.6 tu kama maji. Nailoni haiongezi hata gramu moja katika hesabu hiyo. Inaongeza hatari ya kuzidiwa na joto, na Dar es Salaam ya Februari haihitaji kuongezewa.

Yule kijana alipanda jukwaani akiwa amekunywa maji yake. Alikula wali siku mbili kabla, chumvi kama kawaida. Ushindi haukumfikia, lakini alirudi jimu Jumatatu akiwa hai na akiwa na hamu ya mwaka unaofuata, nami nilimkumbatia mbele ya watu wote.

Ramadhani ina namna yake. Kabla ya futari nilikuwa nasoma kilo moja hadi mbili pungufu ya baada ya daku, na saa za alasiri misuli ilionekana kavu, imechorwa. Wengine hupiga picha wakati huo. Hilo ni kukosa maji tu, na uji, maji na tende vinaliondoa kabla ya Isha. Nilihamishia mazoezi baada ya tarawehe, nikapunguza uzito wa vyuma kidogo, na nguvu hazikushuka.

Krietini, unga wa nyongeza wanaoutumia wanyanyua vyuma, niliitumia kwa miezi kadhaa, gramu 5 kwa siku. Inavuta maji ndani ya msuli, mizani ikapanda kilo moja na ikabaki hapo. Anayeianza akiwa kwenye kupunguza mwili ajue hilo mapema, asije akaitupa pakiti ya bei kubwa kwa sababu ya maji yaliyo mahali pazuri.

Nilichobaki nacho kama utaratibu ni kidogo. Napima kila asubuhi nikishatoka msalani, naandika, na siitazami namba ya siku. Mwisho wa wiki najumlisha saba nagawanya kwa saba, na wastani huo naulinganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Utepe unapita kitovuni mara moja kwa wiki, bila kuvuta tumbo. Kilo za kwenye chuma naandika ukurasa wa pili. Vitu vitatu vikisema jambo moja, naamini. Mizani ikisema peke yake, nasubiri. Picha napiga asubuhi, dirisha lile lile, kwa sababu taa ya juu ya jimu na damu iliyojaa misulini baada ya mazoezi humpa mtu yeyote mistari ambayo haimo.

Nilipofika kilo 67 niliacha kupunguza. Kocha alinionya kwamba sehemu hii ndiyo inayowarudisha watu nyuma, na kweli nimewaona: wanarudisha ugali, wiki ile ile mizani inapanda kilo mbili, wanashikwa na hofu, wanarudi kula kidogo au wanaacha yote wakisema mwili umerudi. Nami niliurudisha ugali, sahani yangu kamili, na chapati ya Jumapili. Mizani ilipanda hadi 68.7 ndani ya siku chache. Ilikaa hapo. Kiuno kilibaki sentimita zile zile, mabega yakajaa kuliko yalivyokuwa mwaka mzima, hedhi ikaja kwa wakati, na mwezi ule niliongeza kilo 10 kwenye skwati.